Mama Alisema Kweli, Nami Nikacheka

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla hujanihurumia nakuomba usome mpaka mwisho, kwa sababu wote wanaonijua wananihurumia na huruma yao ndiyo inayonichoma.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na madirisha ya chuma, karakana yangu iko uani kwangu mwenyewe, na wateja wananiita Fundi Pambio kwa sababu siwezi kushika chuma bila kuimba. Kanisani mimi ni mzee wa kanisa, nafundisha darasa la ubatizo, na somo ninalolipenda kuliko yote ni lile la kuishi maisha matakatifu siku za kazi, kwamba utakatifu si nguo ya Jumapili, maneno ambayo nimeyasema mara nyingi mpaka wanafunzi wangu wananimalizia.

Naishi na mke wangu, ambaye anafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, anatoka alfajiri na kurudi saa kumi, na mama yangu mzazi, ambaye tulimchukua miaka miwili iliyopita alipoanza kusahau. Mama alikuwa mpishi wa shule, alitulea mimi na dada yangu mkubwa kwa kushinda kwenye moshi, masufuria ya watoto mia tatu aliyainua kwa mikono yake, na leo hakumbuki kama amekula. Kwa kuwa kazi yangu iko nyumbani, mchana kutwa tuko wawili tu, mimi na yeye, na hakuna anayetuona.

Kila siku ana swali moja. "Baba yako amesharudi?" Baba alifariki miaka tisa iliyopita. Mwanzoni nilimjibu polepole, mama, baba tulimzika, akalia nami nikalia naye, lakini swali lile linakuja asubuhi, linakuja nimevaa kinga ya uso na moto uko mkononi, linakuja mteja amesimama ananisubiri, siku moja lilikuja mara ishirini na sita kabla ya chakula cha mchana, na mshauri, uvumilivu ukanikatika kama uzi mbovu, nikaanza kumfokea. "Amekufa, mama. Amekufa, amekufa, nikuandikie ukutani?" Na yeye kila akiambiwa anaisikia habari hiyo kama ndiyo mara ya kwanza, anajiziba mdomo, anakaa chini palepale alipo na kuomboleza, halafu baada ya nusu saa amekwisha kusahau hata kilio chake, anajifuta uso, ananijia tena na swali lilelile. Msiba mmoja nimempa mara zisizo na idadi. Mke wangu aliwahi kuniambia, "Si umwambie tu bado hajarudi?" Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kusema uongo ndani ya nyumba yangu.

Haikuishia hapo. Siku moja nilikuwa nakata chuma, kelele zimejaa uani, mama akatoka na sikumsikia, akaja kurudishwa na mama mmoja muuza mboga aliyemkuta kando ya barabara kubwa bila viatu. Niliogopa sana, na woga ule ukageuka hasira, na jioni ileile nikatengeneza komeo nikalichomelea kwa nje kwenye mlango wa chumba chake. Nilijiambia ni kwa usalama wake. Wiki ya kwanza nilifunga nikienda kununua vyuma tu, kisha nikawa nafunga mteja akija, kisha nikawa nafunga nikichoka na swali. Anagonga kwa kiganja, taratibu, bila fujo. "Kaka, kuna mtu huku ndani." Kuna siku hajui kuwa mimi ni mwanawe. Nami mshauri, badala ya kufungua, nilikuwa napandisha sauti ya pambio.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Wiki mbili zilizopita mchungaji alituma ujumbe kuwa watakuja kumwombea mama. Nikafagia, nikapanga viti, nikamketisha mama sebuleni, lakini kila nikimketisha anainuka kwenda mlangoni kumtazama baba, mara ya tano nikamkamata mkono nikamrudisha kwa nguvu. Akasema, "Unaniumiza." Nikasema, "Basi tulia." Nilipomwachia, alama za vidole vyangu zilikuwa zimebaki juu ya kifundo cha mkono wake, nikaenda kumtafutia sweta la mikono mirefu nikamvalisha, na siku ile jua lilikuwa linawaka.

Jioni, mke wangu akiwa amesharudi kazini, wakaja saba, mchungaji, wazee wenzangu wawili na akina mama wanne. Nikabadilika, mshauri, hata sauti yangu ilibadilika. Nikampulizia mama chai, nikamnywesha kwa kijiko, nikamfuta kidevu, mama mmoja akatoa leso akasema mtoto wa namna hii ni mmoja kwa elfu. Tukaimba, tukaomba, wakasimama kuaga. Hapo mama akaushika mkono wa mchungaji kwa mikono yake yote miwili.

"Msiondoke," alisema. "Mkiwepo huyu ni mpole. Mkiondoka ananifokea, ananifungia chumbani kama mbuzi."

Mke wangu alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Mchungaji akanitazama, si kwa kunishuku, alikuwa anasubiri tu nimweleze, nami ningeweza kusema neno moja na mambo yangeisha siku ile. Nikacheka.

"Ndio ugonjwa wenyewe huo, mchungaji. Juzi kasema jirani kamwibia meno, na meno anayo mdomoni."

Wakacheka wote, kicheko cha watu waliopumua. Mama akawatazama mmoja mmoja, akaona wanacheka, akacheka na yeye kidogo ili asiwe peke yake, akauachia mkono wa mchungaji.

"Labda nimesahau," alisema.

Mshauri, hakuwa amesahau. Katika siku nzima ile, na pengine mwezi mzima ule, hilo ndilo jambo alilolikumbuka sawasawa, na mimi nikamnyang'anya mbele za watu kwa mzaha.

Walipokwenda, mke wangu aliingia jikoni kuosha vikombe, nikamfuata nikitafuta la kusema, na yeye bila kugeuka akaniambia, "Mimi sikucheka." Mpaka leo hajaongeza neno, ananiambia habari za maji na za funguo, basi.

Na sasa mchungaji amenipigia simu kwamba Jumapili ya familia, wiki tatu zijazo, nifundishe mimi juu ya kuwaheshimu wazazi, na mama aketi mbele ili watu wamwone. Nikakubali, kwa sababu kukataa kulihitaji sababu. Jina langu limebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Tangu siku ile ya wageni siimbi tena karakanani, mteja mmoja aliniuliza kama nina mafua nikasema ndiyo. Komeo bado lipo mlangoni, sijalitumia tena ila sijalitoa, kila nikishika mashine ya kukatia nahisi majirani watauliza nakata nini. Nimewaza kujifanya mgonjwa Jumapili hiyo. Nimewaza pia kutubu kwa Mungu peke yake, kwa kuwa yeye anajua yote, nibadilike kimyakimya, nifundishe vizuri, na kanisa lisiaibike kwa ajili yangu. Dada yangu anafundisha shule mbali sana, anapiga simu kila wiki kunishukuru kwa kumtunza mama, akijua haya sijui ataniitaje. Nifanye nini? Nimeomba mpaka nimeona aibu kupiga magoti.

Mimi, Fundi Pambio

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikusoma wewe, mara ya pili nikamtafuta mama yako humo ndani, na nimemkuta ana akili kuliko sisi sote.

Nianze na pole, kwa sababu unastahili pole, ingawa si ile ya mama wa leso. Kumtunza anayesahau ni kazi inayovunja watu wenye nguvu. Nilimuuguza mama mkwe wangu miaka minne, na kulikuwa na siku nilijifungia chooni nikalia, maana ni mahali pekee ambapo hakunifuata. Kuchoka si dhambi. Kuogopa alipopotea si dhambi. Kama ungeandika hayo tu ningekutumia maneno laini nikaishia hapo.

Lakini hukuishia hapo, nami siwezi. Ulikataa kumwambia mama yako neno moja la huruma ukasema ni uongo, kisha ukawadanganya wageni saba kwa kicheko. Hiyo Biblia yako ina kurasa ngapi, mwanangu, kama iliweza kumkataza mkeo na isikukataze wewe? Wewe hukuwa unailinda kweli. Ulikuwa umekasirika ukatafuta pa kujificha, na dini ikawa karibu.

Kuhusu kutubu kimyakimya, hapana. Kama ungemkosea Mungu peke yake ningekuacha chumbani na Mungu wako. Umemkosea mtu, na mtu huyo alisema kweli mbele za watu saba akatoka hapo akiaminiwa ni kichaa. Huwezi kumrudishia hilo kwa kufumba macho. Siku atakayosema anaumwa, au kuna anayemdhuru, nani atamsikiliza? Umewafundisha watu wasimsikilize. Nenda ukawafundishe upya.

Leo, si kesho, toa komeo. Jirani akiuliza unakata nini, mwambie unakata kitu kibaya ulichotengeneza. Mahali pa komeo ni kwenye geti la nje, ambalo wewe unajua kulitengeneza kuliko mimi, ili mama atembee uani kwake apendavyo na barabara isimwone.

Kisha zungumza na mkeo. Usianze kwa kueleza, anza kwa kusema alikuwa sahihi, unyamaze. Amebeba siri hiyo na sinia la vikombe muda wote huu.

Mchungaji mwendee kabla ya wiki kwisha, nyumbani kwake, wewe na mkeo. Mwambie yote, na alama za mkono usiziruke, maana hizo ndizo utakazotaka kuziruka. Mwombe awaite walewale sita wengine, uwaambie, "Mama alisema kweli, mimi ndiye niliyedanganya." Sentensi hiyo inatosha, usiivalishe sweta. Jumapili ya familia usifundishe, na usijifanye mgonjwa pia. Kaa kwenye benchi kama watu wengine. Kama wazee watakupumzisha kufundisha ubatizo, pumzika. Kanisa haliaibiki mtu anapotubu, linaaibika anapobandikwa ubaoni bila kutubu.

Dada yako mpigie wewe, asisikie kwa watu. Atakufokea. Akimaliza kufoka, mwambie huwezi peke yako, aje likizo, au mama aende kwake mwezi mmoja. Wale akina mama wanne pia wana miguu: waombe waje kwa zamu, asubuhi mbili kwa wiki, wakae na mama wewe ufanye kazi. Ulikuwa hutaki waje mara kwa mara kwa sababu wangeona. Sasa wacha waone. Na mpeleke kliniki, wapo wauguzi wanaojua ugonjwa huu, wakuelekeze.

Akiuliza kama baba amerudi, usimuue tena yule mzee. Mwambie, "Umemkumbuka baba leo, mama. Hebu nisimulie habari zake." Si uongo, na utashangaa atakayoyakumbuka. Hasira ikipanda, weka chombo chini, toka uani, hesabu pumzi, umwite mtu. Mkono ukimgusa kwa nguvu mara moja tu nyingine, mama aondoke nyumbani humo siku hiyohiyo, hata kama ni mama yako na nyumba ni yako.

Na yeye mwombe msamaha. Usiseme hataelewa. Atakusamehe saa nne, saa sita atakuwa amesahau, na wewe utamwomba tena siku nyingine, kwa sauti ya upole, bila wageni sebuleni. Huko ndiko kuishi maisha matakatifu siku za kazi, somo unalolipenda.

Miezi miwili ikipita nitataka kujua mmefikia wapi. Barua hiyo usiiandike wewe. Mpe kalamu mkeo, na usiisome kabla hajaituma.