Kiti cha Kuume

Birere, Goma

Mama yangu mupenzi,

Mutoto wako Ramazani anakusalimu kwa moyo wote. Mugongo bado unakusumbua? Na Papa, kile kikohozi kimemuachilia, ama bado anabishana na dawa? Sisi huku tuko wazima, alhamdulillahi, ingawa siku hizi mutu akiamka anaangalia mulima kwanza, halafu ndiyo anatafuta maji ya kunawa. Barua hii nimemupa muchuuzi mumoja anayeteremuka Kasongo. Usimuache aondoke bila kula.

Mulisikia kwamba Goma imekwisha. Haikuisha. Moto wa volkano ulipita katikati ya muji, ukala maduka na nyumba za watu, ukasimama karibu sana na kwa dada yako, Mama Mudogo Zaina. Tulikimbilia Gisenyi kama wote, tukarudi mawe yakiwa bado yanatoa moshi. Nilimwambia Mama Mudogo tuhamie mbali kidogo. Alikataa. Anasema kulala kwa watu kunamuchosha kuliko volkano.

Sasa habari ya kazi, maana najua ndiyo unayongoja. Nilipotoka shule ya marubani na karatasi yangu mukononi nilidhani watanigombania. Kumbe! Kila biro ya kampuni ya ndege niliyoingia waliniuliza swali lile lile: umekwisha kuruka masaa mangapi? Nikiwaambia, wanacheka, wananirudishia karatasi. Wanataka masaa, na masaa hayauzwi sokoni Birere, wanayo wao wenyewe ndani ya ndege zao. Basi kila asubuhi nilienda uwanjani, nikasaidia kupakiza mizigo ili wanizoee. Hata askari wa waasi walinikamata siku moja, wakasema mutu anayeangalia ndege hivi ni mupelelezi. Mama Mudogo ndiye aliyekuja kunitoa, kwa maneno tu, na unamujua dada yako kwa maneno.

Halafu mulima ukatapika, na marubani wengi wakaondoka. Kuna muzee mumoja wa Bukavu, Komanda Deo, anarusha ndege ndogo ya propela mbili. Musaidizi wake alivuka mupaka na bibi yake na watoto, hakurudi. Komanda akaniona nikibeba magunia, akaniita. Aliniambia nikae kiti cha kuume, kile cha musaidizi, safari moja tu. Nikimupendeza, nitabaki. Nisipomupendeza, nisimusalimie tena.

Lazima ujue mambo mawili ili uelewe. Kwanza, moto ulikula upande mumoja wa pisti, njia ya kurukia ndege, ikabaki fupi. Sasa ndege inaanza kukimbia mukia ukiwa karibu na mawe meusi, na pale pisti inapoishia ni nyumba za Birere. Bati jekundu la Mama Mudogo liko mbele kabisa ya pua ya ndege. Pili, anayekaa kiti cha kuume ndiye anayepima. Kila mutu anapanda kwenye balansi pamoja na muzigo wake. Mutoto wa mugongoni hapimwi. Ni desturi ya uwanja tangu zamani, wewe unaijua kunishinda.

Abiria walikuwa mama wachuuzi wa Punia. Barabara imefungwa na wenye bunduki, chumvi huko haionekani. Nikapima, nikaandika, nikajumlisha, tukawa sawasawa. Lakini nilipoinua macho, karibu kila mama alikuwa na mutoto mugongoni. Pembeni ndege kubwa ya askari iliwasha mota, kelele hadi kifua kinatetemeka, na hakuna mutoto hata mumoja aliyeshituka.

Hapo nikamukumbuka Mwajuma.

Usikasirike, Mama. Najua hatumutaji mbele za watu. Lakini safari zile za ndege, Bukavu hadi Kasongo, sijazisahau, wewe umemufunga Mwajuma mugongoni, kofia ya sufu kichwani, mimi nimeshika kikwembe chako. Uliniambia nimuimbie mudogo wangu asilie, nikaimba njia nzima, na Mwajuma alikuwa mufuko wa chumvi tu. Ndiye aliyetulisha. Na ni kwako nilijua: mama mwenye mutoto wa damu anapeleka mukono nyuma bila kufikiri. Mwenye mutoto wa chumvi anashika fundo la kifuani, maana chumvi haijishikilii.

Nikamwambia Komanda: karibu wote pale walikuwa wameshika fundo. Alikuwa amechoka, mwenye ndege anamupigia kelele, askari wanataka tuondoke mawingu yasishuke. Akasema hawa mama amewabeba miaka yote hawajamuangusha. Nikamwambia miaka yote pisti ilikuwa nzima. Akaniambia nipande. Kazi niliyoitafuta kwa jasho lote lile ilikuwa pale, hatua chache, mulango wazi.

"Komanda," nikasema, "chini ya lile bati jekundu mama yangu mudogo anapika sombe. Hawa watoto wapimwe, ama mimi sipandi."

Alinigeuzia mugongo, akaenda kusimama kwenye gurudumu. Nikajua kazi imekufa kabla ya kuzaliwa. Basi, kwa kuwa sikuwa na cha kupoteza tena, niliwafuata wale mama, nikawaomba kwa heshima wawateremushe watoto. Mukubwa wao, Mama Furaha, mwanamuke wa sauti, aliniangalia toka viatu hadi kichwa.

"Wewe, mama yako alikulisha nini?"

"Chumvi, Mama. Ya mugongoni."

Halafu akafungua fundo. Mutoto wake akaanguka kwenye balansi, mushale ukaruka. Wengine wakafuata, mumoja mumoja, bila kunitazama. Wa kweli alikuwa mumoja tu, wa binti mudogo wa mwisho. Yeye alikuwa amelala fofofo, na tulipomufunua akalia hadi wote wakacheka kidogo. Chumvi tukaiacha chini. Mama mumoja alikaa kando yake akalia, akasema watoto wake wanakula mboga ya maji matupu tangu vita vilipowafungia. Iliniuma, Mama. Bado inaniuma.

Komanda alikuwa ameuona mushale, akaniashiria nipande, tukaondoka. Komanda alifanya alama ya musalaba, mimi nikasema bismillahi. Tukakimbia, tukakimbia, na ile ndege haitaki kuinuka. Bati jekundu likaja, likaja, hadi nikaona Mama Mudogo uani ameinua uso, mwiko mukononi. Ndipo magurudumu yakaachia. Tulipita juu yake karibu sana hata kuku walitawanyika.

Tukavuka milima ya Masisi. Komanda alikuwa anapangusa viganja kwenye suruali. Mwishowe akasema, "Kesho ukuje mbele yangu. Balansi ni yako."

Basi nina kazi, Mama. Chumvi ya Mama Furaha na wenzake iko kwa Mama Mudogo, inapanda kidogo kidogo kila safari, imepimwa. Mama Furaha ananiita mukwe wake sasa, sijui binti yupi ananipangia.

Musalimie Papa, na dada yangu mukubwa na bwana yake. Musalimie mwalimu wangu wa madrasa, umwambie bado naomba dua zake, sasa kuliko zamani. Jirani yetu fundi cherehani umwambie suruali aliyonishonea ndiyo niliyovaa siku ile.

Uliniletea habari kwamba mvua zikipungua utakuja Goma kutuona, urudi na bidhaa. Karibu sana. Nitakupa kiti nyuma yangu kabisa, nikigeuka nikuone. Lakini kabla ya kupanda, kwenye balansi utanikuta mimi. Ninakuomba kwa magoti, Mama, pumzisha mugongo wako. Mwajuma umuache nyumbani.

Ni mimi, yule aliyekuwa anamuimbia,

Ramazani