Nilimpa jambazi wa katuni sauti ya baba mkwe

Doris, nimeaibika mpaka nataka kuhama Haydom.

Si unaijua ile katuni ya zamani ya shujaa anayepaa, niliyoitafsiri, nikaigiza sauti zote kwa simu na kuiweka mtandaoni? Jambazi nilimpa sauti ya baba mkwe. Na kikohozi chake!

Leo nimefika ukweni Bashay, namkuta baba mkwe anaiangalia. Nikasema shikamoo. Hakuitika. Doris, HAKUITIKA!

Akauliza, "Wenye katuni walikupa ruhusa?"

Hapana, baba.

"Na mimi uliniomba sauti?"

Hapana, baba.

"Picha ni za watu, sauti ni yangu. Cha kwako hapo ni kipi?"

Mimi na akili zangu nikajibu, "Simu, baba."

Mama mkwe akadakia kutoka jikoni, "Hata simu alikununulia mwanangu!"

Nimeifuta palepale, wote wawili wananicheka.