Mchanga wa Kutupwa

Busia, 4 Machi 2024

Mdogo wangu Jovia,

Salamu nyingi. Huku tuko wazima, mwanao Ritah anakula vizuri kwa Lorine mke wangu. Na wewe huko gerezani, unalala vipi?

Ati wewe na rafiki yako Athieno mmeshikwa kwa kufagia mchanga uliotupwa na wachimba dhahabu wa Tiira, mkitafuta chembe zilizobaki! Mama alifagia huo huo mchanga akatulea, nani aliwahi kuuita wizi? Lakini usibishane na hakimu. Mimi navusha mizigo hapa mpakani miaka kumi, najua watu wa serikali: ukikubali haraka na kuomba msamaha, wanakuachia. Kubali tu, urudi kwa mtoto.

Kaka yako,
Mangeni

Tororo, 19 Machi 2024

Kaka mpendwa,

Nakusalimu sana, na Lorine pia. Mimi niko, ila kikohozi.

Nilikubali. Hakimu akasema ni kweli hakuna sheria inayotaja mchanga wa kutupwa, lakini kuanzia leo yeye anauhesabu kuwa mali ya mwenye shimo. Kuanzia leo, kaka! Mimi nilifagia Januari. Amenipa miaka minne. Athieno alikataa katakata, naye akafungwa, sasa amekata rufaa kwa jaji. Nilimwambia anajisumbua bure.

Mdogo wako,
Jovia

Busia, 2 Septemba 2024

Jovia, mdogo wangu,

Pole na kikohozi. Barua hii nimeichana mara tatu.

Athieno yuko nyumbani tangu Julai. Jaji amesema siku mlipofagia hapakuwa na kosa kama hilo lililoandikwa popote, na hakimu hawezi kutunga kosa leo amfunge mtu kwa jambo la jana. Nilikimbia kwa wakili na jina lako. Akaniuliza, "Si huyu alikubali?" Akajaribu hata hivyo. Mahakamani wamemjibu kwamba ulikubali kosa mwenyewe, kwa hiyo huwezi kulipinga, na siku za rufaa zimepita.

Ni mimi niliyekufunga. Nakuja Ijumaa tarehe 20, unitukane uso kwa uso.

Kaka yako,
Mangeni

Tororo, 9 Septemba 2024

Kaka,

Barua nimepata. Usije Ijumaa.

Sikuchukii. Nimechoka tu, hata kulia sitaki. Nikitoka Ritah atakuwa na miaka sita, na mimi aliniona mara ya mwisho akiwa ananyonya. Akianza kumwita Lorine mama, mwacheni. Msimsahihishe.

Jovia