Skrubu za Bunduki ya Baba

Mume wangu Baraka,

Hapa Lewisham ughaibuni hatujambo. Mama yako mdogo bado yuko zamu za usiku hospitali, na mimi magoti yananisumbua, lakini kanisani nafika.

Umeniuliza kama bei ya hiyo bunduki ya mtumba kutoka Ubelgiji, ya kujipakia risasi yenyewe, ni ya haki, maana kibali cha uwindaji umeshapata. Nimemkumbuka baba yangu, siku tuliyokwenda kununua yake kwa mzee mwenye shamba la kahawa. Bei hakuuliza. Alipitisha kidole juu ya skrubu zilizochubuka, akasema, "Nani aliifungua hii?"

Mzee akajibu haijawahi kufunguliwa. Nguruwe pori walikuwa wanatumalizia mahindi, lakini baba alivaa kofia yake tukaondoka.

Mzee alitufuata hadi getini. Akakiri kwamba risasi ya pili hukwama, akashusha bei mwenyewe, na baba akalipa bila kubishana. Aliwinda nayo hadi uzeeni, koti lake likinukia mafuta yale ambayo harufu yake naisikia leo kwa fundi baiskeli wa hapa sokoni.

Basi muulize muuzaji wako nani aliifungua, halafu nyamaza. Atakachokujibu ndicho unachokinunua.

Mkeo wa kwanza,
Bibi