Nyungu ya Bibi Imeoshwa

Jumamosi, Korogwe ya Zamani. Joto la kuchemsha. Mawingu yamejikusanya upande wa Vugiri toka asubuhi na hayataki kushuka.

Leo sina neno jema kwa mtu yeyote, shajara yangu, kwa hiyo nivumilie au nikufunge.

Nimerudi kutoka Handeni na vumbi mpaka kwenye meno. Niliwapeleka wasichana wangu wa darasa la saba, tumepanda lori la kubebea mkonge, kwenda kuona makumbusho mapya. Makumbusho gani. Ni stoo ya zamani ya boma, ile iliyokuwa ikiwekwa mahindi ya njaa. Imepigwa chokaa, zikaingizwa meza, na juu ya mlango ikatundikwa picha ya Malkia. Mwalimu mkuu alituaga akasema wasichana wakajifunze historia yao, na wakirudi waandike insha. Kichwa cha insha ameshakitunga mwenyewe: "Jinsi Tulivyotoka Gizani." Nikamwitikia, "Ndiyo, Bwana." Siku hizi ndiyo yangu inatoka yenyewe, hata siisikii.

Makumbusho ni ya Memsabu, mke wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Mlinzi wake, mwenye ufunguo na kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikakakamaa, ni Mhina. Mdogo wangu Mhina, tumbo moja. Mpaka juzi alikuwa tarishi wa boma, anakimbizwa na barua juani. Sasa anakaa kivulini.

"Shikamoo, dada," akaniamkia mbele ya wasichana, ufunguo unaning'inia kiunoni.

Nikaitika marahaba. Nilikuwa bado sijaingia ndani.

Humo ndani imo nyungu ya Bibi, chungu chake cha matambiko, na nyungu ile nimekua nayo. Ilikaa kwenye kona ya chumba cha Bibi yetu, chini, juu ya udongo mtupu, na alipohamia kwangu hapa Korogwe alikuja nayo mapajani. Kila mwaka kabla ya kupanda hutia humo unga na pombe kidogo, akazungumza na wazee wake kwa Kizigua ambacho mimi mwenyewe nakidaka nusu nusu, ndipo mbegu zinaingia ardhini. Na haioshwi. Haijaoshwa tangu ilipokuwa ya mama yake. Unga umekaukiana juu ya unga mpaka ukawa gamba jeusi, na gamba hilo ndilo lenyewe, ndiyo mikono yao wote waliotangulia. Utotoni tuliweza kuvunja sahani tukasamehewa. Mhina alichapwa siku moja kwa kuimwagia nyungu ile maji ya kata moja tu, tena kwa bahati mbaya. Kwa hiyo asije mtu akaniambia Mhina hakujua.

Kiangazi kilipoanza alikuja akamwambia Bibi kwamba wakubwa wanaomba kuitazama, kwamba ataitunza yeye mwenyewe, kwamba itarudi kabla ya vuli. Bibi akampa kwa mikono miwili. Mjukuu wa kiume ameomba, amnyime kwa nini?

Leo nimeiona. Iko juu ya meza.

Imeoshwa.

Imesuguliwa kwa mchanga na sabuni, kisha ikapakwa mafuta, inang'aa kama kichwa kilichotoka kunyolewa. Mbele yake kuna kadi: "Nyungu ya matambiko ya watu wa zamani." Memsabu akaipapasa tumboni akawaambia wasichana, "Nyinyi tazama hii. Hii kitu ya babu yenu, zamani sana. Ilikuwa chafu mbaya. Mhina nasafisha, sasa mzuri." Wasichana wakacheka. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wanakicheka Kiswahili chake. Mhina alikuwa anautazama ufunguo wake.

Ndipo Esteri akanyoosha mkono. Huyu ni binti wa manamba wa Ngombezi. Baba yake aliletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge, na kwao hakuna kitu cha zamani kuliko sufuria. Akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mwenye nyungu hii alikufa lini?"

Simlaumu. Kitu kikishawekewa kadi, mtoto atadhani nini tena?

Nikamwambia, "Hajafa. Nimemwacha asubuhi anapeta mchele. Amenigombeza kwa kutomaliza uji."

Memsabu akamgeukia Mhina, akamwuliza kwa Kiingereza mwalimu amesema nini. Na Mhina, mtoto wa mama yangu, akamjibu kwamba mwalimu anawaeleza wasichana jinsi watu wa zamani walivyokuwa wakiishi. Memsabu akafurahi. Akaniambia vizuri sana, mwalimu.

Kiingereza nakijua. Nilisikia kila neno. Tukasogea meza ya pili kutazama mikuki.

Baadaye nilimvuta Mhina nyuma ya stoo. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, maana hata karatasi ina heshima yake. Akajitetea kwamba aliambiwa kitu kichafu hakiwezi kuonyeshwa wageni.

"Ungeirudisha nyumbani," nikasema.

"Ningefukuzwa kazi."

"Basi ungefukuzwa."

Akanitazama, akasema taratibu, wala hakukasirika, "Wewe unafundisha wanachotaka wakubwa mwaka wa ngapi huu, dada? Mbona hujafukuzwa?"

Nikamwacha palepale nikapanda lori.

Njia nzima wasichana waliimba na mimi nilimchukia. Nilimchukia kwa kaptula yake, kwa ufunguo wake, kwa vile alivyoniamkia kwa adabu. Zaidi nilimchukia kwa swali lake. Wasichana wangu wanaweza kukutajia wafalme wa Uingereza kwa mfuatano bila kukosea. Waulize bibi zao walizaliwa wapi, wanatazamana.

Niseme kweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Mimi ni mtu wa kanisa. Sijui kama wazee wamo kwenye nyungu, na nilipokuwa chuoni niliona haya nayo. Padre alipokuja kututembelea niliifunika kwa kanga. Lakini kuifunika si kuiosha. Kanga unaiondoa.

Nilipofika nyumbani Bibi alikuwa ameketi mlangoni anatazama mawingu. Unga ameshautwanga. Uko ndani umefunikwa kwa ungo, mweupe, unasubiri. Nilimwamkia, nikakaa chini kuvua viatu ili nisimtazame.

"Umeiona?" akauliza.

"Nimeiona, Bibi."

"Haijapasuka?"

"Haijapasuka."

"Basi. Mhina ni mtoto mwangalifu." Kisha akanyanyuka kwenda kufungia kuku.

Hakuuliza kama imeoshwa. Haiwezi kumwingia akilini.

Ningeweza kumwambia pale pale. Nilifungua mdomo, nikaomba maji ya kunywa.

Ameshalala sasa, na upande wa Vugiri naona umeme unapigapiga. Kesho Mhina anakuja kumsalimia, alishaahidi, na Bibi anadhani atakuja ameishika nyungu. Nitapika wali na kuku, nitamkaribisha vizuri. Akishakula nitautoa ule unga ndani, niuweke mbele yake, niseme, "Bibi, Mhina ana habari ya nyungu." Halafu nikae. Sitamsaidia hata neno moja. Leo alimfasiria Memsabu maneno yangu. Kesho amfasirie Bibi maneno ya Memsabu, kwa Kizigua, huku Bibi anamtazama usoni. Chafu mbaya, sasa mzuri. Aseme.

Na najua akimaliza yeye, Bibi atanigeukia mimi. Ataniuliza na wewe mwalimu, wale watoto uliwaambia nini? Itabidi nimwambie kwamba nilisema neno moja la kweli, likageuzwa mbele yangu, nikaenda kutazama mikuki.

Kichwa cha insha nakifuta. Ubaoni nitaandika swali la Esteri kama alivyolitamka, na kila msichana akamuulize bibi yake kabla hajashika kalamu. Wa Ngombezi waulize baba zao walitoka wapi na nani aliwaleta. Mwalimu mkuu hupita madarasani kila Jumatatu asubuhi, ataliona.

Mhina aliuliza mbona sijafukuzwa. Jumatatu tutaona.