Karatasi ya Majina Kumi na Moja

Wewe utakayeliokota daftari hili, nakusihi: usimsomee mtu hata mstari mmoja. Kazi yangu ni ya mkataba, na mama ananitegemea.

Jumatatu, 13 Aprili. Arua
Nimechapa hadi ukurasa wa sitini. Kitabu cha Mzee Taban wa Koboko, aliyezunguka vijiji kwa baiskeli akiandika habari za wazee. Sasa haoni. Jumamosi ofisi yetu itamtunuku: hema, mbuzi, cheti. Leo mkuu wa ofisi ameweka kidole kwenye ukurasa mmoja. Watu kumi na moja waliokufa wakibeba mawe ya barabara, kwa kiboko cha chifu. Chifu huyo ni babu yake.
“Toa. Sherehe si mahakama, kijana.”
Nikatoa. Upesi. Kinyaa.

Jumanne, 14 Aprili
Nafasi ile ameijaza kwa picha ya babu yake. Ananiuliza kama imekaa vizuri. Nimesema ndiyo.

Jumatano, 15 Aprili. Koboko
Nimetumwa nimpelekee Mzee nakala aitie dole gumba. Sikujua desturi yake. Kila aliyemsimulia habari, Mzee alimsomea kwanza alichoandika, ndipo akafunga ukurasa. Naye akataka asomewe. Nimesoma asubuhi nzima. Nilipofika pale penye picha ya chifu nikapita haraka. Akainua mkono.
“Karani, ngoja. Kitabu yangu iko na njaa? Imekula watu kumi na moja.”
Binti yake alicheka. Mimi jasho. Nikamwambia kweli. Hakufoka. Akayataja majina yote kwa kichwa, na kijiji cha kila mmoja. “Andika, mwanangu. Mimi macho hakuna.” Nikaandika kwa mkono, nikamsomea. Dole akalitia kwenye karatasi yangu. Nakala ya ofisi akaisukuma mbali.

Alhamisi, 16 Aprili. Arua
Nimemdanganya mkuu kwamba Mzee anaumwa, hakuweza kutia dole. Mkuu akacheka, akachovya dole lake mwenyewe kwenye wino, akaligandamiza pale pa Mzee. Mbele yangu. Akajifuta kwa leso, akaagiza chai.

Jumamosi, 18 Aprili. Koboko
Mkuu amehutubia juu ya ukweli. Vigelegele. Mzee, cheti magotini, akaomba: “Nisomeeni basi hii kitabu.” Mkuu akaashiria muziki upandishwe. Mzee akarudia ombi. Hakusikika. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, karatasi mfukoni. Sikuitoa. Mkuu ananichefua. Mimi najichefua zaidi.

Jumapili, 19 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Nimeinakili karatasi mara tatu, polepole.
Wewe uliyeliokota daftari, ukiwa wa ukoo wa mmoja wa wale kumi na moja, usije ofisini. Njoo soko la Koboko Jumapili mchana, upande wa wauza muhogo mkavu. Nitakuwa nikiandikia watu barua. Jina langu usiulize. Taja kijiji chenu, ukae. Nitakusomea.