Vidole Vitatu Upande wa Kushoto

Bi Shamima, mshauri wetu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Vipi hali yako na ya wote waliomo nyumbani kwako? Namuomba Mola barua hii ikukute na afya njema. Miye mwili wangu haujambo, alhamdulillahi, ila moyo ndio ulionikalisha chini kuandika, na unisamehe mwandiko, skuli niliishia darasa la saba, chuoni kwa maalimu ndiko nilikosoma zaidi.

Naitwa Ishak, nina miaka hamsini na tatu, nakaa Makangale, ni mkulima. Ninaloombea msaada ni jambo la kanzu. Najua utacheka, lakini nisome mpaka mwisho, kwa sababu ndani ya kanzu hiyo mna ndoa yangu.

Mke wangu wa mwanzo, marehemu Mwatum, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mshonaji, na kwa miaka ishirini na sita sikuvaa kanzu ya duka hata siku moja. Ujue, mwaka wa pili wa ndoa yetu nilianguka kwenye mkarafuu, bega la kushoto likavunjika, likaunga vibaya, na tangu hapo limelala chini kidogo, mtu akiniangalia hivi hivi haoni kwa sababu nimejizoeza kulinyanyua, ila nguo ndiyo inayonisema. Mwatum hakuwahi kulitaja bega langu mbele ya mtu. Kila Shaabani alikuwa akinipima, akiniambia, "Simama kama ulivyo, usinidanganye mimi," kisha anakata upande wa kushoto mfupi kwa vidole vitatu, na nikiivaa ile kanzu inakaa sawa pande zote mbili, mpaka watu wanauliza fundi gani huyo.

Miaka mitatu nyuma alinikatia kanzu ya Idi, bafta nyeupe, akaipiga chaki, akaitia pini, kabla hajaanza kushona presha ikampanda, na kumi la mwanzo la Ramadhani tukamzika. Vile vipande nikavikunja, nikavitia sandukuni pamoja na futi yake ya kupimia. Sikuweza kumpa mtu avishone na sikuweza kuvitupa.

Mwaka jana nikaoa tena, Rahila, mtu wa Mgogoni, mjane wa miaka thelathini na tisa, mwanamke wa ibada na maneno machache, na nampenda, nasema kweli. Bega sikumwambia. Nilipokwenda kuposa, kaka yake Abdulsamad aliniuliza kama nina kilema au maradhi, nikasema sina, na tangu siku hiyo kila nikiingia ndani nalinyanyua bega, hata nikiwa nimechoka nalinyanyua, kwa kuona haya, asije akajua kuwa ameolewa na mtu wa bega la upande.

Sasa Rahila mapenzi yake ni kuninunulia kanzu. Ya kwanza aliitoa Wete, namba hamsini na sita, shingo yabana kama mtu kanikaba, mikono yanifika vidoleni. Ya pili namba hamsini na nne, kifua hakipumui. Ya tatu ilitoka Dubai, kwa maneno ya mwenye duka, nzuri ya kutazama ikiwa ndani ya karatasi yake, lakini nikiivaa upande wa kushoto unaburura chini ya kifundo, na wewe wajua nguo ya mwanamume kuburura si jambo la kupendeza kwenye dini yetu. Ijumaa moja nikaikanyaga wakati wa kunyanyuka kwenye sijda, nikamwangukia mgongoni Shehe Nyange, imamu wetu. Baada ya sala akaniambia mbele za watu, "Ishak, msikiti tushaufagia asubuhi, huna haja ya kuurudia." Watu wakacheka, na miye nikacheka nao, lakini tangu siku ile nasali safu ya mwisho, karibu na viatu.

Nikirudi nyumbani Rahila huniuliza, "Imekukaa?" Miye hujibu, "Nguo za madukani hizi hazina maana, wanashonea masanamu." Naye wiki inayofuata anatafuta nyingine.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda mazikoni Fundo, nikakaa siku mbili. Kurudi, namkuta Rahila mlangoni ana furaha ambayo sijawahi kumwona nayo, akanishika mkono mpaka ndani, na juu ya kitanda imetandazwa kanzu nyeupe imepigwa pasi. Bafta ile ile. Alikuwa akisafisha sanduku, akaviona vile vipande, akavishona kwa cherehani ya marehemu ili nivae Idi Kubwa. Nikasema moyoni pengine ni kheri, pengine ndivyo Mola alivyotaka, nikaivaa. Upande wa kulia ukapanda vidole vitatu juu ya ule wa kushoto. Nikamuuliza, "Umefanya nini?" Akanijibu kwa upole, "Upande mmoja ulikuwa mfupi, baba. Marehemu, maskini, labda alikuwa keshaanza kuumwa akakosea. Nikaupunguza ule mwingine, pande zikawa sawa."

Bi Shamima, nilimpigia kelele. Nilimwambia, "Mwatum hakukosea! Wewe ndiye uliyeingia nyumba usiyoijua!" Nikamwambia asiguse tena kitu chochote cha humu ndani. Alikikunja kile kipande alichokikata upande wa kulia, akakiweka juu ya cherehani, akavaa buibui lake, akenda kwao.

Abdulsamad ameniletea maneno kwamba dada yake hataki ugomvi, anangoja mpaka Idi, ikipita bila ya miye kumfuata atataka talaka yake. Idi imebaki siku kumi na mbili. Kila nikitaka kwenda naiona ile kanzu ukutani, hasira zinanipanda, kisha naona aibu ya zile hasira, nakaa chini. Nikimrudisha, nitakuwa nimemsaliti marehemu? Na nikimwacha aende, kosa litakuwa la nani? Binti yangu Ruweida ndiye aliyesema nikuandikie, yeye anasema kuniambia ameshachoka.

Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Idi.

Ndugu yako katika imani,
Ishak, Makangale

*

Ndugu yangu Ishak,

Wa alaykumu salaam. Sisi kwetu wazima. Mwatum, Mwenyezi Mungu amnawirishie kaburi lake. Sikucheka hata kidogo. Nilikuonea huruma, halafu nikakukasirikia, na yote mawili utayapata humu.

Kosa ni lako. Nalisema mapema ili tusipotezeane wakati. Mwenye duka hakujui, anauza nguo za watu wenye mabega yaliyo sawa, kwa hiyo kanzu yake ikikukaa vibaya ana udhuru. Mkeo alikuwa na haki ya kukujua, na wewe ukamweka pale pale alipo mwenye duka, akawa anakisia. Namba hamsini na sita, hamsini na nne, ya Dubai. Mwanamke wa watu anazunguka mji mzima anautafuta mwili wa mumewe kwenye rafu, na mwili wenyewe uko nyumbani umenyanyua bega! Halafu unamwambia wanashonea masanamu. Haya, yeye alikuwa anamshonea nani?

Na siku alipoona upande mmoja mfupi, ulitaka afikiri nini? Alimdhania marehemu ameugua, akamsitiri, akamtengenezea alichodhani ni kosa la mgonjwa. Hukuliona hilo? Hakumdharau mwenzake. Kama angelijua, angekata vidole vile vile vitatu, na huenda leo ungekuwa safu ya mbele.

Machungu yako nayajua. Kile kitambaa kilikuwa kipimo cha mwisho cha mkono wa mtu aliyekupenda, na kuona kimekatwa ni msiba wa pili. Lia, si haramu. Lakini umeniuliza habari ya kumsaliti marehemu, na jibu umeliandika mwenyewe ukalipita mbio. Mwatum alikwambia usimame kama ulivyo, usimdanganye. Kwa Rahila umesimama mwaka mzima na ushei kama usivyo. Ukitaka kumtii marehemu, anzia hapo.

Jambo jingine ulilolipita mbio ni kile kipande kilichokatwa. Mtu aliyekata tamaa hutupa au hupasua. Rahila alikikunja akakiweka juu ya cherehani, mahali pa kazi, Ishak, hakukiweka jaani. Nimezaliwa kwenye nyumba ya washonaji, kwa hiyo nisikilize: kipande hicho kinarudishwa chini upande wa kulia, na kanzu inapata urefu wake. Mshono utaonekana. Uache uonekane.

Sasa fanya hivi. Usingoje mkesha wa Idi, nenda kesho baada ya alasiri. Usimtume Ruweida wala usimchukue shehe, hapa hapahitaji wasemaji. Vaa ile ya Dubai inayoburura, ili waone kwa macho yao. Chukua kanzu ya bafta, kile kipande, na futi ya marehemu. Ukifika, mbele ya Rahila mjibu Abdulsamad lile swali alilokuuliza siku ya posa, na safari hii mjibu kweli. Kisha muombe mkeo msamaha wa zile kelele, na usianze na neno "lakini", wala usimtaje Mwatum mpaka yeye amtaje. Mpe futi, umuombe akupime, halafu nyamaza.

Akikataa siku hiyo, usimlaumu. Rudi siku ya pili, na ya tatu, siku kumi na mbili ni nyingi kwa mtu mwenye nia.

Na hilo bega, lishushe ungali nje, kabla hujapiga hodi.

Bi Shamima